Kioo cha Pikipiki Kilichovunjika: Matengenezo ya Nyumbani na Mipaka Yake



Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita Iyunga ikiwa imebeba mizigo ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Malori yenye matela hushuka kutoka Mwanjelwa, hupita Nzovwe, hupita karibu na stesheni ya TAZARA, kisha huelekea Iwambi na mteremko wa Mbalizi, ambao jina lake linajulikana nchini kote kwa sababu isiyopendeza. Katika barabara hiyo hiyo hupita wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani, wachuuzi wa mboga na ndizi, na dereva wa pikipiki aliyebeba mama mjamzito kumpeleka kliniki. Upanuzi wa barabara hiyo kuwa ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, umbali wa kilomita 29, unakusudiwa kuwatenganisha wenye haraka na wasio na haraka. Lakini hata barabara iwe pana kiasi gani, mwenye pikipiki ataendelea kuwa mdogo kuliko wote, na hatari kubwa kwake itaendelea kumjia kutoka mgongoni.

Ndiyo sababu mazungumzo haya yanahusu kitu ambacho wengi hukiona ni pambo: kioo cha pembeni cha pikipiki, au saiti mira kama vijana wa vijiweni wanavyokiita. Tanzania hufuata mkono wa kushoto, kwa hiyo gari linalotaka kuipita pikipiki hutokea upande wa kulia. Kioo cha kulia ndicho kinachompa dereva habari ya gari hilo kabla hajaamua kukwepa shimo, kumpita mwenye baiskeli, au kukata kona ya kulia kuingia mtaani. Kioo cha kushoto humwonyesha pikipiki nyingine inayopenya kwenye ukingo, na humsaidia daladala inapoingia kituoni na kutoka. Asiye na vioo hana budi kugeuza kichwa kila mara. Na kila anapokigeuza, macho yake huacha kilicho mbele. Akiwa na abiria wawili nyuma yake, jambo ambalo halistahili kuwapo lakini lipo, hata kugeuza kichwa hakumfai, kwa kuwa ataona bega la abiria tu.

Zipo sababu za kweli za vioo kutokuwapo. Pikipiki huangushwa ikiwa imeegeshwa kwenye udongo laini wakati wa masika, stendi ikazama, na kitu cha kwanza kugusa ardhi ni kioo. Nyingine huguswa na mwamba wa mlango inapoingizwa ndani usiku kwa kuhofia wezi. Vioo vyenyewe huibiwa. Na wapo madereva wanaoving'oa kwa makusudi ili wapenye katikati ya magari kwenye foleni, au kwa kuwa wamechoka kutazama picha inayotetemeka. Hawa wa mwisho wamefanya hesabu mbaya. Sentimita chache walizozipata kwenye foleni ya Mafiati au Kabwe wamezilipia kwa kutoona lolote nyuma yao katika safari yote iliyobaki. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168, haimruhusu mtu kuendesha barabarani chombo kisicho katika hali njema. Na tangu kanuni za 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa leseni, haitoshi kwa dereva kusema kwamba maisha ni yake mwenyewe.

Kabla ya kushika spana, mwenye pikipiki hana budi kujua ni kitu gani hasa kilichovunjika. Kioo cha pembeni kina sehemu nne: kipande cha kioo chenyewe, ganda la plastiki linalokishika, mkono wa chuma unaolibeba ganda, na nyuzi za mkono huo zinazoingia kwenye kishikio cha breki au cha klachi juu ya usukani. Kila sehemu huharibika kwa namna yake na kila moja ina tiba yake. Sehemu mbili za kwanza zinatengenezeka nyumbani kwa vifaa vya kawaida. Ya tatu inataka uangalifu. Ya nne, mara nyingi, ni kazi ya fundi.

Jambo linalokosewa kuliko yote ni kipande cha kioo. Kioo cha pikipiki kinapopasuka, wengi huchukua kipande cha kioo cha kujitazamia, wakakikata kwa umbo la ganda, wakakibandika. Kinang'aa, kinaonyesha, na trafiki akitazama kwa mbali anaona pikipiki yenye vioo viwili. Lakini hicho ni kioo bapa, na kioo cha pikipiki kinachofaa ni kioo mbinuko, yaani kilichotuna kidogo kuelekea kwa dereva. Mtoto wa shule ya msingi aliyesoma sayansi anajua kwamba kioo mbinuko huonyesha eneo pana zaidi na hufanya vitu vionekane vidogo. Tofauti hiyo inaweza kupimwa, na inafaa ipimwe, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kuona gari na kutoliona.

Kioo cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 10 kikiwa sentimita 60 kutoka kwenye macho ya dereva, na kikiwa bapa, humwonyesha eneo lenye upana wa mita 3.4 hivi kwa umbali wa mita 20 nyuma yake. Upana huo ni wa njia moja ya barabara. Kioo mbinuko cha ukubwa huo huo, chenye nusu kipenyo cha mbinuko cha mita 1.2, humwonyesha karibu mita 7, yaani njia mbili. Maana yake ni kwamba mwenye kioo bapa anaweza kuliona lori lililo nyuma yake moja kwa moja asilione basi dogo ambalo tayari limetoka pembeni kulipita lori hilo. Basi hilo ndilo litakalomkuta ubavuni.

Kioo mbinuko nacho kina udanganyifu wake, na ni vema udanganyifu huo usemwe waziwazi. Katika mfano huo huo, lori lililo mita 20 nyuma huonekana kwa ukubwa wa nusu, kana kwamba liko mita 40. Tuseme pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa na lori linakuja kwa kilomita 60 kwa saa. Lori linaifikia pikipiki kwa mita 5.5 hivi kila sekunde. Dereva anayeamini macho yake anadhani ana sekunde 7. Kwa kweli ana sekunde 3 na nusu. Kwa hiyo dereva mzoefu hukitumia kioo mbinuko kujua kama kuna kitu, kisha hugeuza kichwa mara moja, kwa haraka, kujua kiko umbali gani. Anayehama kutoka kioo bapa alichokizoea kwenda kioo mbinuko ahadhari katika siku za mwanzo, kwa kuwa kila kitu kitaonekana kimerudi nyuma.

Namna ya kutambua mbinuko haihitaji maabara. Rula iliyonyooka huwekwa kwa ubavu wake juu ya uso wa kioo. Kikiwa bapa, rula hulala na hapana mwanga unaopita chini yake. Kikiwa mbinuko, rula hugusa katikati na kuyumba, na pembeni huacha nafasi. Kwa kioo chenye upana wa sentimita 10 na mbinuko unaofaa, nafasi ya kila upande ni milimita 1 hivi, unene unaozidi kidogo ule wa kadi ya benki. Nafasi ikifika milimita 3, kioo kimetuna kupita kiasi, na lori litaonekana kama kifuu cha nazi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa Na. 81, inayohusu vioo vya pikipiki, huweka nusu kipenyo cha mbinuko kati ya milimita 1,000 na 1,500, na hutaka kioo cha mviringo kisipungue kipenyo cha milimita 94, na eneo la kioo chochote lisipungue sentimita za mraba 69. Vipimo hivyo vinafaa kukumbukwa hata dukani. Vioo vidogo vya urembo vyenye umbo la jani au la kisu, vinavyopendwa na vijana kwa sababu vinapendeza, vingi havifiki hapo. Na si kila kioo kipya kilichofungwa kwenye nailoni ni kioo mbinuko. Mnunuzi mwenye rula mfukoni atachekwa kidogo kaunta, naye atatoka na kitu cha maana.

Kioo mbinuko cha kubadilishia hupatikana wapi? Chanzo cha kwanza ni kioo kizima kilichotoka kwenye pikipiki ya aina ile ile ambayo ganda lake limevunjika. Mafundi wa pikipiki huvilimbikiza. Chanzo cha pili ni kioo cha pembeni cha gari kilichopasuka upande mmoja tu. Vioo vingi vya pembeni vya magari ni mbinuko, na kipande kizima kinachobaki hutosha pikipiki. Kazi ya kukikata apewe fundi vioo, wale wanaotengeneza madirisha ya aluminiamu. Kioo kilichotuna hakikatiki kama kioo cha dirisha. Mkono usiozoea utaharibu vipande vitatu kabla ya kupata kimoja, na gharama itapita ile ya kununua kipya.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa kioo kwenye pikipiki. Pikipiki isimamishwe kwenye stendi kubwa, mahali pakavu. Mpira unaofunika shina la mkono uvutwe juu, nati ya kubania ilegezwe kwa spana inayokaa sawasawa, mara nyingi namba 13, 14 au 17, kisha mkono wote uzungushwe na kutoka. Hapa pana mtego. Nyuzi nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa, lakini baadhi ya pikipiki, hasa za Yamaha, kioo cha kulia kina nyuzi za kinyume, ili kikigongwa kutoka mbele kilegee badala ya kuvunjika. Mtu asiyejua hilo hukaza huku akidhani analegeza, akaongeza nguvu, akaongeza bomba kwenye spana, mpaka kishikio cha breki kikapasuka. Ikiwa nati inakataa kabisa, ajaribu upande wa pili taratibu kabla ya kutumia nguvu.

Kioo kilichopasuka kifunikwe chote kwa selotepu pana kabla ya kukibandua, vipande vishikamane visiruke. Glovu nene na miwani ya aina yoyote vivaliwe, na watoto wakae mbali, kwa kuwa watataka kuona. Ganda lizamishwe kwa dakika 5 hivi katika maji ya moto, yaliyo moto kuliko ya kuoga lakini yasiyochemka. Plastiki hulegea na ukingo wake hukubali kupindwa. Wapo wanaolipitisha ganda juu ya jiko la mkaa. Ganda hujikunja na halirudi tena katika umbo lake, na kazi huishia hapo. Likishalegea, bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa huingizwa chini ya ukingo mahali ambapo kioo kimeshavunjika, na kioo huinuliwa kidogo kidogo kuzunguka pande zote. Gundi ya zamani ikwanguliwe hadi plastiki ionekane, na ganda lipanguswe kwa spiriti.

Kisha ni kielelezo. Karatasi ngumu huwekwa juu ya nafasi ya kioo ndani ya ganda, na penseli hupitishwa kwa ubavu kufuata ukingo. Karatasi ikishakatwa, ijaribiwe ndani ya ganda na ipunguzwe mpaka ibaki nafasi ya milimita 1 kuzunguka, kwa sababu plastiki na kioo havitanuki sawa katika jua. Kabla ya kuitoa, iandikwe KULIA au KUSHOTO, na neno MBELE liandikwe upande unaomtazama dereva. Kazi nyingi huharibikia kwenye jambo hili dogo: ganda la kulia na la kushoto hufanana kama viganja vya mikono, na kielelezo kikigeuzwa juu chini kwenye meza ya fundi vioo, kioo kizuri hukatwa kwa ajili ya upande usiohitajika.

Kingo za kioo kipya zilainishwe kwa msasa wa maji, kioo kikiwa kimelowa, ili vumbi lake lisiruke na kuvutwa puani. Zikikauka, zipakwe rangi ya kucha pande zote. Hili si pambo. Nyuma ya kioo pana utando mwembamba wa madini unaorudisha mwanga, unaolindwa na rangi. Kioo kinapokatwa, utando huo hubaki wazi ukingoni, na mvua zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili huingia hapo na kuuozesha. Madoa meusi yanayotambaa kutoka pembeni ya vioo vya zamani ndiyo hayo.

Kuhusu gundi, uchaguzi ni wa maana kuliko watu wanavyodhani. Gundi ya haraka, ile inayonasa vidole, hushika kwa dakika moja na huonekana kuwa hodari. Lakini ikikauka huwa ngumu kama ganda la yai, na mtetemo wa injini ya silinda moja huipasua katika muda mfupi. Silikoni ni laini na huvumilia mtetemo. Hata hivyo kuna silikoni za aina mbili. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa tindikali inapokauka, nayo hula utando wa nyuma ya kioo. Isiyo na harufu ya siki ndiyo ifaayo. Pua ya mnunuzi inatosha kuitambua, hata kama maandishi ya kwenye tyubu ni ya lugha asiyoijua. Nukta 4 au 5 zenye ukubwa wa punje ya hindi hutosha, moja katikati na nyingine karibu na kingo. Kuijaza gundi ganda zima hakuongezi nguvu, na huzuia hewa kuifikia ya katikati. Selotepu nene ya sponji yenye gundi pande mbili nayo hufaa, mradi plastiki iwe safi na kavu.

Kioo kikishakandamizwa mahali pake, kilale kifudifudi juu ya blanketi bila kuguswa. Maelekezo ya kwenye tyubu husema saa 24, lakini maelekezo hayo hayakuandikwa kwa ajili ya Juni na Julai za Mbeya. Silikoni huchelewa kukauka katika baridi, na nyumba za Iyunga usiku wa Julai zina baridi ya kutosha. Siku 2 kamili ndizo za busara. Dereva anayeishi kwa pikipiki atasema siku 2 ni hasara. Basi aanze kazi jioni ya siku anayopumzika, au aazime kioo kwa mwenzake. Kurudi barabarani na gundi mbichi ni kukitupa kioo mtaroni.

Ganda lenyewe likiwa na ufa tu, hufungwa kwa gundi ngumu ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, ikipakwa kwa ndani juu ya kipande cha kitambaa chembamba. Likikosa kipande kizima, halifai kuhangaikiwa.

Kioo ambacho hakijavunjika lakini huanguka kila pikipiki inapoingia shimoni kina ugonjwa mwingine. Mahali ambapo mkono unakutana na ganda pana kifundo cha mviringo kinachobanwa na skrubu au springi. Vumbi la kiangazi huingia hapo na kusaga. Skrubu ikazwe robo mzunguko kwa mara moja. Kama hakuna skrubu, kipande cha mpira chembamba kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kikiingizwa kati ya kifundo na ganda, hurudisha ukakasi. Mtetemo wa picha nao mara nyingi hautoki kwenye kioo. Hutoka kwenye nati ya kubania iliyolegea, kwenye mkono mrefu kupita kiasi, au kwenye boliti za injini. Na dereva anayeona lori moja likiwa mawili kiooni afadhali azikague boliti hizo kabla ya kukilaumu kioo.

Mkono uliopinda hunyooshwa ukiwa umetolewa kwenye pikipiki, umebanwa vizuri, kwa kuupinda taratibu mara moja tu. Chuma kikipindwa na kurudishwa mara kadhaa huchoka na kukatika. Mkono uliokatika unaweza kuchomelewa na fundi, lakini usichomelewe ukiwa bado kwenye usukani: umeme wa kuchomelea hupita kwenye nyaya za pikipiki na kuharibu vifaa vyake, na cheche huruka hadi kwenye tangi la petroli. Nyuzi za kwenye kishikio cha breki zikilika, kazi imetoka mikononi mwa mtu wa nyumbani. Wapo wanaozungushia waya au kipande cha nailoni kisha wakakaza kwa nguvu. Hushika kwa wiki moja. Tatizo ni kwamba kishikio hicho ndicho kinachobeba mkono wa breki ya mbele. Fundi mwenye vifaa vya kuchonga nyuzi atazichonga upya kwa ukubwa unaofuata, au atabadilisha kishikio. Vikundi vya vijana na vya mafundi vinavyokosa vifaa vya aina hiyo vinaweza kuuliza ofisi ya kata juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa mujibu wa sheria hugawiwa wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2. Seti ya kuchongea nyuzi ikiwa ya kikundi huwahudumia madereva wa mtaa mzima.

Baada ya kufungwa, kioo hurekebishwa dereva akiwa amekaa kama anavyokaa safarini, kofia ngumu kichwani, na pikipiki ikiwa imesimama wima. Kosa la kawaida ni kukiweka kioo kionyeshe bega na kiwiko. Kiwiko kinajulikana kilipo. Ukingo wa ndani wa kioo uonyeshe sehemu ndogo sana ya mkono, ili dereva ajue kipimo cha anachokiona. Mstari wa upeo, mahali barabara inapokutana na mbingu, ukate kioo katikati au juu kidogo ya katikati. Kilichobaki kiwe barabara. Kisha mtu mwingine atembee taratibu kutoka nyuma ya pikipiki, upande wa kulia, umbali wa mita 2 kutoka kwenye mstari wake, mpaka aifikie. Dereva aseme ni wakati gani mtu huyo amepotea kiooni. Hatua kati ya kupotea kwake kiooni na kuonekana kwa pembe ya jicho ndilo eneo lisiloonekana, na hapo ndipo gari zima linaweza kujificha. Mke au mtoto mkubwa anaweza kuifanya kazi hiyo uani kwa dakika 2, na dereva aliyejaribu mara moja huanza kugeuza kichwa bila kuambiwa na trafiki.

Hali ya hewa ya huku ina mambo yake. Asubuhi za baridi umande huganda kwenye kioo, na dereva wa saa 11 alfajiri, anayewahi abiria wa mabasi, huondoka akiwa kipofu wa nyuma. Kitambaa kikavu mfukoni kinatosha. Wapo wanaopaka kipande cha kiazi mbichi, na Mbeya haina uhaba wa viazi. Utando wake huyafanya maji yatandae badala ya kukaa matone matone, nao hufanya kazi mpaka mvua ya kwanza kubwa. Vumbi la kiangazi lisifutwe kwa mkono wa koti likiwa kavu, maana chembe zake hukwaruza. Limwagiwe maji kwanza.

Vinabaki vipande vya kioo cha zamani. Visitupwe kwenye shimo la taka la uani wala kwenye mfuko wa nailoni wa taka za kawaida, kwa kuwa mfuko huo hubebwa na mtu, mara nyingi begani, na kisha hufunguliwa na watoto na waokotaji wa chupa. Vifungwe kwenye gazeti vikiwa bado na selotepu yake, viwekwe ndani ya kopo la rangi lenye kifuniko, na kopo likabidhiwe kwa wazoa taka huku wakiambiwa kilichomo ndani.